Swali la New York, jibu la Enugu

Jumamosi moja jioni niliweka sebuleni albamu ya Mnigeria William Onyeabor, nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo "Good Name". Mama mkubwa alikuwa jikoni akichekecha unga wa maandazi ya Jumapili. Wimbo ule hauna pupa. Mashine ya ngoma inatangulia, kavu, kama mtu anayebisha hodi akijua fika kwamba wenyeji wamo ndani. Chini yake inakuja besi ya kinanda, nene, inayozunguka palepale. Kisha vinanda vingine, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kijineno chake kinachokirudia bila kuchoka. Mwanamume anaimba, au tuseme anasema kwa sauti ya kuimba, kwamba jina jema halinunuliwi kwa fedha wala dhahabu. Wanawake wanamwitikia. Anasema tena, wanaitikia tena. Dakika kumi zinakatika hivyo hivyo.

Mama mkubwa akasimama mlangoni, chekeche mkononi.

"Kwaya ya wapi hiyo, mwanangu?"

"Si kwaya, mama. Ni fanki hiyo. Ya Nigeria, mwaka 1983."

"Mbona wanaitikia kikwaya?"

Akarudi jikoni, ila mlango akauacha wazi.

Nimekuwa nikiirudia albamu hii kwa miaka, na mara nyingi kinachonikwaza ni jina lake. Inaitwa *Who Is William Onyeabor?*, yaani, William Onyeabor ni nani? Ilitoka Oktoba 2013, ikiwa ya tano katika mfululizo mmoja wa kampuni ya Luaka Bop ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1988 na David Byrne, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Talking Heads. Ndani yake mna nyimbo tisa zilizochambuliwa kutoka kwenye albamu nane alizozitoa Onyeabor kati ya 1977 na 1985, zote kwa kampuni yake mwenyewe, Wilfilms, mjini Enugu, mashariki mwa Nigeria. Hadi hapo, nje ya Nigeria santuri hizo zilikuwa mikononi mwa watu wachache sana: wakusanyaji waliokuwa tayari kulipa mamia ya dola kwa sahani moja iliyochakaa.

Albamu yenyewe ni ya kuitunza. Swali la kwenye jalada ndilo linalohitaji kutazamwa, kwa sababu swali lina mwulizaji, na mwulizaji ana mahali alipokaa. New York ilipouliza, dunia nzima ya muziki ikauliza pamoja nayo: huyu ni nani? Amejificha wapi? Mbona hasemi? Wakati huohuo Enugu ilikuwa na mzee mmoja tajiri, chifu mkubwa, aliyewahi kuwa rais wa chama cha wanamuziki cha huko na mwenyekiti wa timu ya soka ya mji, mwenye kiwanda cha kusaga unga, ambaye mwaka 1987 alitajwa kuwa mwenye viwanda bora wa mwaka wa Afrika Magharibi. Mtu wa namna hiyo hajifichi. Ungeshuka stendi ukamtaja, ungeonyeshwa njia.

Alizaliwa Machi 26, 1946. Enugu ni mji wa makaa ya mawe, mji wa wachimba migodi na wafanyakazi wa reli, na alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, Novemba 1949, polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wachimbaji waliogoma katika bonde la Iva wakaua 21. Alipofika miaka 21, vita vikaja. Mei 1967 eneo la mashariki lilijitangaza kuwa nchi ya Biafra na Enugu ikawa mji mkuu wake. Oktoba mwaka huohuo jeshi la shirikisho likaingia mjini. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wao hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana nawaambia: nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra ilikuwa Tanzania, Aprili 13, 1968. Mwalimu Nyerere alikubali lawama za nusu ya bara kwa uamuzi ule. Vita vilikwisha Januari 1970, Biafra ikafutika, na waliokuwa na akiba benki upande ule wakapewa pauni 20 kila mmoja, awe alikuwa ameweka mia au elfu kumi.

Pauni 20. Miaka saba tu baadaye, mtu wa mji uleule anatoa albamu yake ya kwanza, kwenye lebo yake mwenyewe, na baada ya muda ana studio yake na mashine zake za kutengenezea santuri. Hili ndilo fumbo la kweli ndani ya habari hii. Angekuwa amehojiwa na mimi, ningemuuliza hilo tu.

Muziki wenyewe haukuota jangwani. Miaka ya 1960 Geraldo Pino wa Sierra Leone alizunguka Afrika Magharibi na bendi yake akipiga mtindo wa James Brown kwa vyombo vya umeme ambavyo wengi walikuwa hawajavisikia vikiunguruma kiasi hicho, na mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti mwenyewe alikiri kwamba ujio wa Pino ulimtikisa. Mwaka 1970 James Brown akatua Nigeria kwa miguu yake. Miaka minne baadaye, Septemba 1974, alikuwa Kinshasa kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Bara zima lilikuwa limeshikwa. Hata kwetu, kiasi kwamba Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kuwapotosha vijana. Muziki hupigwa marufuku pale tu ambapo umekwisha kuingia miguuni mwa watu.

Mashariki mwa Nigeria baada ya vita, vijana waliokuwa wamepigia bendi za majeshi waliweka bunduki chini wakabaki na magitaa. Zikatoka The Funkees, Wings, Semi-Colon na nyingine nyingi, kila mji na bendi yake. Fanki ya Kiafrika ya wakati huo ilikuwa kazi ya kundi: mpiga ngoma, magitaa mawili au matatu, tarumbeta, saksafoni, kongo, waimbaji. Ukumbi ukijaa, nusu ya waliojaa wako jukwaani.

Onyeabor hakuja na kundi. Hakuna tamasha lake mashuhuri linalosimuliwa, hakuna ukumbi unaojivunia kwamba alipiga pale kila Ijumaa. Alikuwa mtu wa studio. Akanunua masinthesaiza, yale makubwa yenye waya na vifundo, ghali kama gari, akaweka vinanda vya umeme, akaweka mashine za ngoma, akakaa katikati yake. Kwenye majalada ya santuri zake yupo amevaa suti safi, wakati mwingine kofia pana ya mchunga ng'ombe wa Marekani, anatabasamu kama bwana harusi. Tazama sura ile halafu usikilize muziki: ni mtu anayefurahia mali yake aliyoitafuta kwa jasho, na anataka nawe uione.

Sijui kama mpenzi wa muziki wa leo, anayetengeneza wimbo mzima kwenye kompyuta akiwa kitandani, anaweza kupima uzito wa jambo lile. Sinthesaiza za miaka ya 1970 zilikuwa hazitabiriki. Joto la chumba likipanda, sauti inapanda nayo. Chombo kinatoka kwenye toni yake katikati ya wimbo. Kwa nyingi haikuwezekana kuhifadhi sauti uliyoipata leo ili uiite kesho kwa kubonyeza kitufe. Ulizungusha vifundo upya, ukaitafuta kwa sikio. Fikiria hayo Enugu, penye joto, kwenye umeme wa kukatika, mamia ya kilomita kutoka Lagos yalikokuwa makampuni makubwa. Halafu sikiliza "Body and Soul" ya mwaka 1980, dakika kumi na kitu za mdundo ulionyooka kama uzi wa mwashi, kinanda kikikatiza juu yake kwa miluzi na vicheko vya ajabu, na uniambie kama unasikia shida yoyote ya umeme.

Kuna watu hudhani mashine huua roho ya muziki. Kwenye santuri hizi mashine ndiyo inayompa mwimbaji utulivu. Yeye hana sauti ya kutetemesha dari. Anaimba kama mzee anayenasihi, kifuani, karibu na kipaza sauti, na kwa vile mdundo hautayumba hata atulie vipi, anapata nafasi ya kukaa kimya. Kimya chake ni kirefu. Analeta sentensi moja, anaiacha itulie, vinanda vinaizungumzia, wanawake wanaipokea, kisha anairudisha ileile. Mtu aliyekulia kwenye ngoma au kwaya anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Ndiyo maana Mama mkubwa aliisikia kwanza, akiwa na unga hadi kwenye viwiko, kabla mimi sijaielewa kwa miaka mingi ya kusoma habari zake.

"Fantastic Man", wa mwaka 1979, unaonyesha hilo kwa uzuri wa pekee. Mwanamume anamwambia mwanamke jinsi alivyo mzuri, kisha anamwomba naye aseme neno juu yake, na mwanamke anajibu. Ni hayo tu. Maneno yake yote ungeweza kuyaandika kwenye kiganja. Lakini kila anapouliza upya kuna kitu kimebadilika: anaanza kwa majivuno, anapita kwenye ubembelezi, mwishoni ni kama mtoto anayetaka kusifiwa na mama yake, ilhali kinanda kinachocheza juu kinaonekana kuujua moyo wake kuliko yeye mwenyewe. Katika "Atomic Bomb" wa 1978, bomu la atomiki ni mapenzi yanayotaka kumlipukia. Mtu aliyepitia vita vya kweli amechukua silaha kubwa kuliko zote akaifanya mpenzi. Ninapousikia huwa nawaza kwamba labda ni njia yake ya kuipokonya meno.

Vita havimtoki, hata hivyo. "Why Go to War" umo kwenye mkusanyiko. Haumo wimbo "Better Change Your Mind", wa mwaka 1978, ambamo anayataja mataifa makubwa kwa majina na kuyauliza kama yanadhani dunia hii ni mali yao, na nionavyo mimi ndio wimbo wake mkubwa kuliko yote. Haukuwekwa kwa sababu Luaka Bop walikuwa wamekwisha kuutumia katika mkusanyiko wao wa awali wa muziki wa Afrika Magharibi, ulioitwa *Love's a Real Thing*. Kabla yao, mwaka 2001, ulikuwa umetokea London kwenye mkusanyiko *Nigeria 70*. Wimbo huo mmoja ndio uliotia kiu. Watu waliusikia, wakageuza jalada kutafuta jina, wakakuta jina wasilolijua.

Hapa niseme jambo la santuri, maana vijana wengi hawajaiona ikizaliwa. Wimbo ukisharekodiwa kwenye utepe, unachongwa kama mfereji mmoja mrefu kwenye sahani laini. Sahani hiyo inatolewa kivuli chake kwa madini, na kivuli hicho ndicho muhuri. Mihuri miwili, upande wa kwanza na wa pili, inafungwa kwenye mashine yenye nguvu ya tani nyingi. Katikati linawekwa donge la plastiki lililopashwa mvuke, mashine inafumba, inafumbua, kingo zinakatwa, na santuri iko tayari. Mwenye mashine hiyo ndiye mwenye neno la mwisho katika biashara ya muziki. Yeye ndiye anayejua zimetoka nakala ngapi. Yeye ndiye anayeamua zipigwe nyingine au zisipigwe. Msanii anaambiwa tu.

Wanamuziki wetu wa Afrika Mashariki waliambiwa tu. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, utepe ukabaki redioni, na wimbo uliopata bahati ya kuwa santuri ulivuka mpaka kwenda Nairobi kutengenezwa. Nimewasikiliza wazee kadhaa wa enzi hizo wakihesabu walichopata, na hesabu inaishia vidoleni. Mwaka 1977, ule ambao Onyeabor alitoa *Crashes in Love*, Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70 walikuwa Lagos wakiiwakilisha Tanzania kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Siku chache baada ya tamasha kufungwa, Februari 18, askari wa jeshi la Nigeria walivamia makazi ya Fela na kuyateketeza kwa moto. Nchi hiyohiyo, mwaka huohuo. Mmoja anachomewa nyumba kwa nyimbo zake. Mwingine, kule Enugu, anajenga kimyakimya nyumba ya santuri ambayo kila mlango wake ufunguo anao yeye.

Nasisitiza habari ya ufunguo kwa sababu ndiyo iliyoamua kila kilichofuata. Muziki mwingi wa Afrika wa miaka ile uliporudi sokoni Ulaya na Marekani, haki zake zilikuwa zimetawanyika: kampuni ya Lagos imeuzwa kwa nyingine, mikataba imepotea, mtunzi kafa, bendi imegombana, mjane hajui pa kuanzia. Anayetaka kulipa kwa uaminifu hajui amlipe nani, na asiyetaka kulipa anapata kisingizio. Kwa Onyeabor mlango ulikuwa mmoja. Mtunzi, mpigaji, mwenye studio, mwenye lebo na mwenye kiwanda walikuwa mtu huyohuyo, akiwa hai, na anwani yake ikijulikana. Aliyetaka nyimbo zake hakuwa na ujanja wa kupitia dirishani.

Basi wakabisha. Mwandishi na mtafiti wa muziki Uchenna Ikonne alikwenda Enugu kwa niaba ya Luaka Bop kutafuta sahihi ya mzee. Kazi nzima, hadi albamu kutoka, ilichukua kama miaka mitano. Baadaye mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyo, Eric Welles-Nyström, alifunga safari kwenda nyumbani kwake. Wote walikuta jambo moja: mzee ni mkarimu, nyumba ni kubwa, televisheni iko kwenye mahubiri, na habari za muziki ule wa zamani hataki. Anazungumza habari za Mungu. Ukimrudisha kwenye sinthesaiza, anakurudisha kwenye Biblia.

Hapo ndipo magazeti ya Ulaya na Marekani yalipopagawa. Zikaandikwa kurasa na kurasa kuhusu mtu wa ajabu aliyetoa albamu nane kisha akayeyuka. Tetesi zikatolewa kabatini: eti alisomea utengenezaji wa filamu Umoja wa Kisovyeti, eti alisomea sheria Oxford, eti lile, eti hili. Mwaka 2014 ikatengenezwa filamu fupi ya maelezo yenye jina la *Fantastic Man*, nayo inazunguka swali lilelile huku mhusika mkuu akiwa hayumo.

Mimi naisoma habari hiyo nikiwa Dar es Salaam na sioni fumbo. Mzee ameokoka. Hivyo tu. Baada ya *Anything You Sow* ya mwaka 1985, alimpa Yesu maisha yake na kuacha nyimbo za kidunia. Kila mtaa wa kwetu una mtu wa namna hiyo: alikuwa mpiga solo hodari, siku moja akaenda mkutano wa injili, gitaa likahamia kanisani au likauzwa, na ukimtembelea leo kumwuliza habari za ukumbi fulani mwaka fulani atatabasamu, atakukaribisha chai, na atakuuliza kama umeshampokea Bwana. Hatumwiti mtu wa mafumbo. Tunamwita Mzee fulani, tunaheshimu alichochagua, na tukitoka nje tunasimuliana jinsi alivyokuwa akilipiga.

Tena ukisikiliza vizuri, kuokoka kwake hakukuwa kuruka mto. Ndani ya nyimbo zake mbinguni na motoni vimo toka mwanzo. Mmoja unaitwa "Heaven and Hell". Wazo la "Good Name" ndilo linalofungua sura ya 22 ya kitabu cha Mithali. Albamu ya mwisho imebeba jina la kupanda na kuvuna. Mtu aliyeimba nasaha miaka minane mfululizo akaenda kukaa kwenye chanzo cha nasaha zake. Kilichoachwa nyuma ni mashine.

Na hata mashine hakuziacha zote. Alihamia kwenye za kusaga. Kiwanda chake cha unga wa semolina ndicho kilichompa heshima ya kiuchumi, na naona ajabu jinsi waandishi wengi wanavyolitaja jambo hili mbio mbio, kama kichekesho cha pembeni: mwanamuziki wa masinthesaiza, kumbe mwenye kinu! Kwa mtu wa Enugu hakuna cha kucheka. Mtu aliyeweza kufunga mashine za santuri, kutafuta vipuri, kupata plastiki, kuajiri mafundi na kuuza mzigo, ameshajifunza kuendesha kiwanda. Miaka ya 1980 bei ya mafuta ilipoporomoka na fedha za kigeni kuadimika Nigeria, biashara ya santuri ilidhoofika pamoja na mengi mengine. Watu waliendelea kula.

Naurudia sasa mkusanyiko wenyewe, maana nimelitupia neno jalada lake na sijayatendea haki yaliyomo. Waliochagua nyimbo walikuwa na sikio. Waliacha nyimbo ndefu zibaki ndefu. Hakuna iliyokatwa ili ienee redioni. Walimwendea mwenyewe, wakasubiri, wakapata sahihi. Mwaka uliofuata wakatoa maboksi yenye albamu zake kamili, na hilo liliziba pengo kubwa la mkusanyiko: nyimbo tisa zimepangwa bila kufuata miaka, kwa hiyo msikilizaji hasikii safari ya mtu anayeanza akiwa na wapigaji wa kawaida, kisha mwaka hadi mwaka anawapunguza, hadi mwisho anabaki na vinanda na waitikiaji. Ukizisikiliza albamu kwa mpangilio wake, unausikia ule upweke ukijengeka, na unasikia pia kwamba hauna huzuni. Kitu kimoja hakupunguza kamwe, nacho ni sauti za wanawake. Kila kingine kingeweza kugeuzwa mashine. Kuitikiwa kulihitaji watu.

Mwaka huohuo wa 2014 ikaundwa bendi ya kumuenzi, Atomic Bomb! Band, chini ya Ahmed Gallab, mwanamuziki mwenye asili ya Sudan anayejulikana kama Sinkane. Jukwaani, London na New York, walipanda wanamuziki David Byrne, Damon Albarn, Alexis Taylor wa bendi ya Hot Chip, na jambo lililonigusa kuliko yote, dada wawili mapacha wa Lijadu, Wanigeria wenyewe, nyota wa miaka ileile ya 1970, ambao kwa miaka mingi walikuwa hawajapanda jukwaa kubwa. Nimetazama picha za video za maonyesho yale mara nyingi. Kundi zima, watu zaidi ya kumi, wamejipanga kupiga alichokipiga mtu mmoja chumbani kwake. Hadhira inaruka. Mwenye nyimbo yuko Enugu, hajaenda.

Desemba mwaka huo alikubali kuzungumza redioni, kwa simu, na mtangazaji Lauren Laverne wa BBC mjini London. Yalikuwa mahojiano yake ya kwanza ya redio, akiwa na miaka 68. Sauti ilikuwa ya mzee mwenye adabu, aliyefurahi kupigiwa, asiyeona kwamba kuna lolote la kueleza zaidi. Miaka miwili baadaye, Januari 16, 2017, alifariki dunia usingizini nyumbani Enugu baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka 70.

"Good Name" ulipokwisha Jumamosi ile, sikuuzima mkusanyiko, niliuacha uendelee. Nikaenda jikoni. Mama mkubwa alikuwa ameshamaliza kuchekecha, anakanda, na mikono yake ilikuwa imeshika mdundo bila yeye kujua, kifundo kwenye donge, kifundo kwenye donge. Akataka nimweleze huyo mtu wa kwaya. Nikamweleza yote: vita, studio, mashine, santuri, wazungu walivyomtafuta, alivyookoka, kiwanda chake cha unga. Kwenye vita alinyamaza. Kwenye kuokoka akasema, "Amina." Nilipofika kwenye kiwanda akaacha kukanda, akanitazama kama mtu ambaye kwake habari ndiyo kwanza imeanza.

"Sasa huo unga wake," akasema, "ulikuwa unaumuka?"